Mikono Mirefu ya Chiriku

Mafundi cherehani ni waongo, na ninasema hivyo nikiwa mmoja wao. Mpe fundi kitambaa cha harusi, atakuambia njoo Ijumaa. Ijumaa atakuambia bado vifungo tu, na kitambaa chenyewe kimekunjwa vilevile ulivyokileta, paka kakilalia. Mimi sikuwa hivyo. Kwa miaka ishirini na saba nguo haikuwahi kulala kwangu hata siku moja zaidi ya siku niliyoitaja, na juu ya mlango wa duka nilitundika bodi, nikaandikisha kwa rangi nyekundu: LEO NI LEO, ASEMAYE KESHO MWONGO. Watu wakaacha kuniita jina langu, wakaniita Bi Leo. Nililipenda jina hilo kuliko nilivyompenda marehemu mume wangu, Mungu anisamehe, na yeye alikuwa mtu mzuri.

Naeleza haya mapema ili ujue kilichoniponza. Sikuhongwa wala sikutishwa. Ni jina tu.

Chiriku alipewa jina hilo na mimi. Mama yake alikuwa rafiki yangu wa tangu usichana, na siku alipomleta kupimwa sare ya kwanza ya shule, mtoto hakufunga mdomo kuanzia mlangoni. Aliuliza kwa nini tepu ina namba pande zote mbili. Aliuliza kama nimewahi kumeza pini, maana nilikuwa nimezibana midomoni. Nikamwambia wewe ni chiriku, simama wima. Vipimo vyake vyote vimo kwenye madaftari yangu, kifua, kiuno, mabega, urefu wa mkono, mwaka hadi mwaka, mpaka gauni la harusi. Mama yake alipofariki alibaki na dada yake mkubwa, mpishi wa shule katika mji mwingine, na mimi. Akawa ananiita mama, nami nikaitika.

Aliolewa na fundi miwani. Nilifurahi, maana fundi kwa fundi mnaelewana. Alikuwa kijana wa maneno machache, shati limepigwa pasi, hawezi kukupita bila kukuamkia. Alipogundua kwamba natunga uzi kwa kubahatisha, alinipima macho mwenyewe na kunitengenezea miwani, akakataa kupokea chochote. Nilipoivaa mara ya kwanza niliona vumbi lote lililokuwa juu ya cherehani yangu. Nikamsifu mtaa mzima.

Mwaka wa pili wa ndoa Chiriku akaanza kutaka mikono mirefu. Ilikuwa miezi ya joto, wenzake wanaomba mikono iishie begani, yeye anataka ifike kwenye kifundo cha mkono. Baadaye akataka kola ya kupanda shingoni. Na alikuwa ameacha kuuliza maswali. Alisimama wima bila kuambiwa.

Siku moja nilikuwa nazungusha tepu juu ya kiwiko chake akashtuka. Nikapandisha kitambaa kidogo. Palikuwa na alama nne upande mmoja na moja upande wa pili, na mtu aliyeshika mikono ya watu miaka yote hiyo hahitaji kuelezwa alama nne na moja ni za nini.

"Joto lote hili, mwanangu?"

"Ndio mtindo, mama."

Nikaandika kwenye daftari: mikono mirefu. Sikusema neno jingine. Nilijiambia mambo ya ndani ya nyumba hayaingiliwi, siri ya mtungi aijuaye kata, na mteja ni mteja. Nilijiambia pia, na hili ndilo linalonichoma, kwamba labda alimjibu vibaya, maana mdomo wake naujua. Nikamshonea gauni zuri. Nilikata mikono kwa makini isije ikapanda akinyoosha mkono kuchukua kitu juu. Ilimkaa vizuri, na hakuna ambaye angejua. Baada ya hilo nilimshonea mengine matano.

Akapata mtoto, binti. Mtoto alipofikisha wiki tano alikuja naye dukani kutaka magauni mawili yenye zipu kifuani, ya kunyonyeshea. Nikampokea mtoto, nikamlaza juu ya marobota ya kitambaa, tukamtazama akipiga miayo. Nilipogeuka na tepu nikaona shingo ya Chiriku, chini ya sikio. Safari hii sikujifanya kipofu. Nikafunga mlango wa duka saa nne asubuhi, jambo ambalo halijawahi kutokea.

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo." Alikuwa anamtazama mtoto, si mimi. "Nilidhani nikizaa ataacha. Juzi alinikaba nikiwa namnyonyesha. Mama, mtoto aliendelea kunyonya tu, hajui. Nikasema huyu atakua akijua kwamba hivi ndivyo watu wanavyonyonyeshwa."

Nikataka kwenda kwa yule mwanamume na mkasi wangu mkubwa. Chiriku akanishika mkono, akanikalisha. Alikuwa amekwisha kupanga. Nesi wa kliniki ya watoto alikuwa ameiona shingo hiyo kabla yangu, na yeye hakuandika tu kwenye daftari akaachia hapo. Dada yake alikuwa na chumba. Siku ya chanjo ya mtoto, Alhamisi, wiki tatu mbele, Chiriku angetoka nyumbani kwenda kliniki kama kawaida, na kutoka kliniki nesi angemsindikiza yeye mwenyewe hadi kwa dada yake. Shida ilikuwa vitu. Mume alikagua mkoba wake kila alipotoka. Hakuweza kubeba hata nepi ya ziada bila kuulizwa ya nini.

"Lakini nguo za kwa fundi haulizi," alisema. "Nimezaa, mwili umebadilika, zote zinahitaji kuachiwa kiuno, zipanuke. Anajua. Nitakuletea mbili mbili."

Nesi alikuja siku ya pili, mama mfupi mwenye sauti ya kuamrisha. Alinitazama, akaitazama na ile bodi juu ya mlango.

"Mama, kazi yako ni moja tu," akaniambia. "Akija mtu yeyote kuuliza, nguo bado. Kesho. Keshokutwa. Mashine imeharibika. Unanisikia?"

"Kusema uongo."

"Ndiyo. Si ndiyo kazi ya mafundi?"

Tukacheka. Nikamwambia ataniharibia jina. Akasema jina litarudi.

Basi Chiriku akawa anakuja. Siku moja sketi mbili, siku nyingine blauzi na shati la kulalia, na katikati yake vijinguo vya mtoto vimekunjwa kama leso. Nikaviweka ndani ya begi la turubai chini ya meza ya kukatia. Na kwa kuwa mikono yangu haiwezi kukaa na nguo bila kuifanyia kazi, nilizishona kweli. Niliachia viuno, nikakaza vifungo, nikapiga pasi. Alileta cheti cha kuzaliwa cha mtoto na kitambulisho chake mwenyewe, vimefichwa ndani ya soksi, nikafumua bitana ya koti lake, nikavishonea humo kwa mkono, mishono midogo ambayo hata mimi niliitafuta kuiona. Nilijivunia hiyo kazi. Niliiona ndiyo kazi bora niliyowahi kufanya, na pengine ilikuwa hivyo.

Mara ya mwisho alipokuja alichagua kitambaa dukani kwangu, cha njano iliyopauka. "Hiki unishonee gauni jipya," alisema. "La siku hiyo. Mikono mifupi."

"Mifupi kiasi gani?"

Akaonyesha kwa ukingo wa kiganja, karibu na bega. "Hapa. Nipate hewa." Halafu akaniuliza kama tangu enzi zile nimekwisha kumeza pini ngapi. Ilikuwa miaka mingi hajaniuliza swali la kijinga, nikageuka nijifanye natafuta chaki.

Jumanne, siku mbili kabla, mume alikuja.

Ilikuwa mchana na duka lilikuwa na watu. Mama muuza maziwa alikuwa anasubiri pazia lake, na mwalimu mmoja wa shule ya jirani alikuwa anajaribu sketi nyuma ya pazia la kubadilishia nguo. Aliingia kwa adabu yake ile ile, akatuamkia wote, akaona miwani yangu imekaa upande. Akaomba aiangalie. Akaikaza kwa bisibisi ndogo aliyoitoa mfukoni, akaipangusa kwa kitambaa laini, akanivalisha mwenyewe kama mwanangu.

"Nimepitia nguo za mama mtoto," alisema. "Naambiwa bado. Wiki ya tatu hii."

"Bado kidogo," nikasema. Nilikuwa nimejiandaa, na nilisema vizuri.

"Hakuna neno. Mimi nilimwambia, si Bi Leo huyo. Lakini umri nao, macho, si ajabu." Akatabasamu kwa huruma. "Kazi zikikuzidi, mama, usione haya. Hata mafundi wengine husema njoo kesho."

Muuza maziwa akacheka. "Ee, Bi Leo naye kaingia kwenye kesho? Basi dunia imekwisha."

"Wiki tatu?" mwalimu akauliza kutoka nyuma ya pazia. "Sketi yangu mimi usiniambie wiki tatu."

Naye mume akanyoosha shingo nje ya mlango, akaitazama bodi yangu, akasema taratibu, hata si kwa kejeli, "Labda tukipita na rangi tuifute ile, isije ikawasumbua watu."

Wote wakacheka, hata mwalimu, na ni kicheko cha kirafiki tu. Masikio yangu yakawaka moto. Ningeweza kusema mashine imeharibika. Maneno hayo niliyafanyia mazoezi nikiwa nachota maji. Badala yake nikasikia sauti yangu mwenyewe, kubwa, ya mtu aliyeudhiwa.

"Nguo haijawahi kulala kwangu. Za mkeo ziko tayari tangu wiki iliyopita, zimepigwa na pasi."

Na mkono wangu, huu hapa, ukaingia chini ya meza ukalivuta begi. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, tunasema hivyo tangu utotoni, lakini mimi nilijikwaa ulimi, na mkono juu yake. Begi lilipogonga sakafu ndipo akili iliporudi.

Alifungua zipu. Akatoa nguo moja moja na kuziweka juu ya meza yangu, hana haraka. Magauni. Chupi. Viatu vya kutembelea. Kofia ya mtoto ya sufu, soksi ambazo hazifiki kidole changu gumba.

"Na hizi za mtoto," akauliza, "ulikuwa unaziachia kiuno?"

Hakuna aliyecheka. Mwalimu alikuwa ametoka nyuma ya pazia, akasimama na sketi yake yenye pini. Mume akashika koti. Nikalidaka upande wa pili nikasema hilo bado, lina kazi. Akanitazama kupitia miwani yake, nami nikamtazama kupitia miwani yake pia.

"Si umesema tayari, mama?"

Akalivuta, akalibana kidogo kwa vidole. Karatasi ndani ya bitana ikalia. Akazikunja nguo zote vizuri, akanishukuru, akaondoka na begi. Gauni la njano lilibaki kwenye hanga kwa sababu hakujua ni la nani.

Nilikimbia kliniki bila viatu vya maana, na mimi si mtu wa kukimbia. Nesi alikuwa anapima mtoto wa watu. Nilipomwambia hakupiga kelele. Alimrudisha mtoto kwa mama yake, akavua glovu, akasema, "Nilikupa kazi moja." Tukaenda pamoja hadi nyumbani kwao. Geti lilikuwa na kufuli. Mume mwenyewe alitujibu kwa juu ya ukuta, sauti yake ile ile laini, kwamba mama mtoto amepumzika na leo hapokei wageni. Tukaenda polisi. Tukaambiwa tukae kwenye benchi. Tukaeleza, tukaambiwa tueleze tena kwa mwingine. Walipokwenda, kufuli ilikuwa imekwisha kuvunjwa na majirani waliosikia mtoto akilia bila kubembelezwa.

Mtoto hakuguswa. Chiriku alimkumbatia kwa mkono wa kulia na kukinga kwa wa kushoto. Kiwiko kilivunjika sehemu tatu.

Mume alishikwa, akatoka, kesi ikaenda ikirudi, mwishowe akafungwa miaka ambayo mimi naiona michache. Chiriku alitoka hospitali moja kwa moja kwenda kwa dada yake, na nesi akiwa pembeni yake kama alivyoahidi. Mimi nilikuwa nimekwenda kumwona wodini na uji kwenye chupa. Dada yake alikuwa amekaa mlangoni, akasimama aliponiona. Hakunitukana. Alipokea chupa ya uji, akasema, "Rudi nyumbani, mama. Amelala." Kwa nyuma yake niliiona miguu ya Chiriku ikisogea chini ya shuka.

Niliiteremsha bodi wiki hiyo. Nililaza ubao chini, nikautumia kupigia pasi. Miwani niliiweka kwenye sanduku, na kwa miezi kadhaa nilishona kwa kupapasa mpaka nikapata nyingine. Watu wakaendelea kuniita Bi Leo, hata nilipoanza kuwaambia njoo kesho. Nilikuwa nasema makusudi, nguo ikiwa tayari iko rafuni. Najua haisaidii mtu. Majuto ni mjukuu, na huyu wangu nilimlea vizuri, alikula na mimi na kulala na mimi.

Gauni la njano nililifunika na shuka likakaa kwenye hanga. Kila nikihama kona moja ya duka kwenda nyingine nalihamisha nalo.

Ilipita miaka miwili. Asubuhi moja nilikuwa nafumua pindo, mtoto mdogo wa kike akaingia akaelekea moja kwa moja kwenye sanduku la vifungo. Nyuma yake akaingia Chiriku. Alikuwa amenenepa kidogo. Alivaa sweta.

"Shikamoo, mama."

Sikuitika. Niliweka pindo chini. Nikasema kile nilichokisema peke yangu kila siku kwa miaka miwili, kwamba nimemkosea yeye na mtoto na mama yake kaburini. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akavuta kigoda akakaa mbele yangu, kama alivyokuwa akikaa zamani akisubiri sare.

"Ulimwambia ziko tayari."

"Nilimwambia."

"Nimejiuliza sana. Nilisema labda alikutisha. Dada anasema labda alikupa kitu." Alikuwa anauliza kwa dhati, sauti yake ya utoto kabisa. "Kwa nini, mama?"

Ningeweza kumpa jibu zuri kuliko lile. Lakini uongo mmoja aliouhitaji kwangu sikumpa, nikaona nisianze sasa.

"Aliniita mwongo mbele ya wateja."

Akangoja. Aliponiona nimemaliza, akasema, "Kwa hilo tu?"

"Kwa hilo tu, mwanangu."

Mtoto wake alikuwa anapanga vifungo mstari sakafuni, vyeupe na vyeusi, akiongea navyo bila kupumzika, maneno nusu yake hayaeleweki. Chiriku akamtazama, akatikisa kichwa, na kwenye uso wake likapita jambo ambalo sikulijua ni kicheko au ni nini. Hakusema amenisamehe. Mpaka leo hajasema, na mimi sijaomba.

"Lile gauni ulimpa mtu?" akauliza.

Nikalitoa kwenye shuka. Akaingia nyuma ya pazia, akakawia. Alipotoka, mkono wa kulia ulikuwa umenyooka ubavuni. Wa kushoto ulikuwa umekunjika na haukuteremka, na kuanzia juu ya kiwiko hadi chini yake palipita kovu pana lenye alama za nyuzi pembeni. Mshono mbaya. Niliukagua kifundi kabla sijajizuia, na nikaona mahali ambapo mshonaji alikuwa na haraka.

Akajitazama kwenye kioo. Akajaribu kuunyoosha mkono, haukwenda. Akaushika kwa ule mwingine.

"Wananiuliza kazini," alisema. "Kwenye basi pia. Kila mtu anataka kujua." Akanigeukia. "Niwekee mikono mirefu, mama."

"Ulitaka upate hewa."

"Nilitaka."

Nikachukua tepu. Nikampima wa kulia, nikaandika. Nikampima wa kushoto, kutoka bega hadi kwenye kiwiko, kutoka kiwiko hadi kifundo, vipande viwili, kwa sababu mkono wa namna hiyo haukatiki kwa kipande kimoja. Daftari lilikuwa lile lile. Ukurasa wake wa mwisho ulisema mikono mifupi, nikapiga mstari.

"Utachukua lini?" nikamuuliza.

"Basi letu ni saa kumi."

Kitambaa kilichobaki cha njano nilikuwa nimekitunza. Nikakata, nikashona, yeye na mtoto wakikaa kwenye kigoda wakila maandazi niliyowaagizia. Saa nane gauni lilikuwa tayari. Nilimsaidia kulivaa, nikamfunga kifungo cha kifundo upande ule asioweza kujifunga vizuri, nikarudi nyuma kidogo kumtazama. Lilimkaa vizuri, na hakuna ambaye angejua.